Mkeka Uliokwenda Salale

Hebu niambie wewe unayesoma: ukimwona mwanamke mtu mzima, kila Jumamosi kaoga mapema, kavaa doti yake ya kutokea, kapaka wanja, kisha kakaa barazani na haendi popote, utasema anangoja nini?

Pale Kibiti, mitaa ya nyuma ya stendi, majirani walisema Bi Sihaba anachunga. Anamchunga mkaza mwanawe. Na mwenyewe alipoulizwa hakukataa.

"Nachunga, ndiyo," alisema. "Kwani nikilala, nani ataniambia kilichotoka?"

Mkaza mwanawe huyo aliitwa Anshia. Kwao ni Msumbiji, pwani ya ng'ambo ya Ruvuma, mahali ambako Asha huitwa Anshia na hakuna anayecheka. Ashrafu, mtoto wa pekee wa Bi Sihaba, fundi wa pikipiki kando ya barabara kuu, alikwenda huko kutafuta kazi akarudi na mke. Ndoa ilikuwa halali. Bi Sihaba aliiona hati kwa macho yake, akaupapasa mhuri kwa kidole kuona kama rangi itatoka. Haikutoka.

Kilichomtia shaka ni hizo safari. Kila Jumamosi Ashrafu hafungui kibanda. Anampakia mkewe kwenye pikipiki, wanakwenda mpaka gati ya Nyamisati, wanaiacha pikipiki kwa mama muuza chai, wanapanda boti ya kwenda Salale. Jumapili jua likielekea kuzama ndiyo unawaona wanarudi, pindo za nguo zimekauka tope jeusi, midomo imekauka chumvi, na wamechangamka kama watu waliotoka harusini.

"Mnakwenda kufanya nini huko?" Bi Sihaba aliuliza siku za mwanzo.

"Kutembea, mama," alijibu Ashrafu, kofia ya pikipiki iko kichwani tayari.

"Kutembea." Bi Sihaba alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Mtu na mkewe, wana chumba, wana kitanda, wanakwenda kutembea kwenye matope ya Salale. Matope yale nayajua mimi. Nimezaliwa humo."

"Basi unajua yalivyo," Ashrafu akasema, akacheka, akawasha pikipiki. Anshia alipunga mkono. Bi Sihaba alibaki na doti yake barazani, mapaja yamebanana, mikono juu ya magoti, mpaka vumbi likatulia.

*

Vyombo ndivyo vilivyomkosesha usingizi.

Kwanza ulitoka upawa, ule wa kifuu, ambao mpini wake ulipasuka ukafungwa kwa waya wa pikipiki. Bi Sihaba aliutafuta jikoni, akautafuta uani, akainua hata pipa la maji. Wiki iliyofuata ikatoka mbuzi ya kukunia nazi. Si ile mpya. Ile ya zamani, ambayo kiti chake kimelainika kwa makalio ya watu wawili waliokwisha kufa. Halafu Jumamosi moja Anshia akatoka chumbani na mkeka umekunjwa kwapani.

"Na huo?"

"Mkeka, mama."

"Naona ni mkeka. Sikuuliza kama ni samaki. Unakwenda wapi?"

"Kulalia, mama. Utarudi."

Haukurudi. Na mkeka ule Bi Sihaba aliusuka mwenyewe, ukindu wa kuchagua, mstari wa zambarau na mstari wa kijani, msimu mzima wa mvua alikaa nao mapajani.

Sasa msimwone mjinga. Bi Sihaba aliwahi kuolewa Mbwara kabla ya kuolewa na baba Ashrafu. Mume wa Mbwara alikuwa na mkono mwepesi. Na wanawake wa rika lake, mtu akitaka kumwacha mume bila kelele, hakubeba begi. Begi linaonekana. Alianza na chombo kidogo cha jikoni, akakipeleka kwao kama anakwenda kukopesha. Kisha kikaango. Kisha mkeka. Mume anakula, analala, haoni kitu, na siku mke anayoondoka, anaondoka mikono mitupu kama mtu anayekwenda kisimani. Hivyo ndivyo alivyotoka Mbwara. Kwa hiyo alipoona upawa, kisha mbuzi, kisha mkeka, hakuhitaji kuelezwa. Tofauti moja tu: huyu hamwachi mume. Huyu anahama na mume.

Alikwenda kwa jirani yake Habiba, akamkuta anapepeta mchele.

"Shoga, nahamwa. Nahamwa nyumba yangu mwenyewe nikiwa ndani."

"Nani anahama?"

"Ashrafu. Yule mwanamke anamhamisha vipande vipande. Wakimaliza vyombo watapanda boti hawarudi. Kutoka Salale mtu si anafika popote? Si Kilwa hiyo, si Mtwara hiyo, si kwao hiyo?"

Habiba alipuliza makapi. "Mwambie mwanao."

"Mwanangu? Mwanangu akiitwa na yule, hata bisibisi inamdondoka."

Walicheka wote wawili, lakini Bi Sihaba alinyamaza wa kwanza.

Siku ya pili yake, Anshia alipokwenda bombani, Bi Sihaba aliingia chumbani kwao na ufagio. Alifagia kidogo, ili asijiambie uongo. Chini ya kitanda akakuta jiwe bapa, katikati limekauka kitu cheupe, na pembeni yake kigogo cha mti kilichosuguliwa upande mmoja. Alikinusa. Liwa ya kujipaka usoni anaijua, liwa ina rangi ya manjano na harufu yake inaingia chumbani kabla ya bibi harusi. Hiki hakikunukia kitu, mti mbichi tu. Na weupe wa usoni, kwa watu wa huku, ni wa mtu anayetolewa mashetani.

Alirudisha kila kitu kilipokuwa, hata vumbi alijaribu kulirudisha. Lakini kwa Habiba alirudi kusimulia.

*

Kibiti imepitia miaka ambayo mgeni akionekana njiani watu walifunga madirisha. Miaka ile imepita, alhamdulillahi, lakini masikio ya watu hayajapumzika. Ndiyo maana neno aliloambiwa Habiba halikulala kwa Habiba. Lilimfikia mumewe, Mashaka, ambaye ni mjumbe wa mtaa na mtu wa kupenda kazi yake.

Mashaka alikuja alasiri, akakataa kiti, kisha akakikalia.

"Dada Sihaba. Ni kweli kuna vitu vinatoka hapa kwenda deltani?"

"Vinatoka."

"Na kuna dawa."

"Kuna kitu cheupe. Jina lake silijui."

"Na mwanamke si raia. Kibali chake kiko wapi?"

"Wamekwisha kupeleka maombi. Wanangoja." Hapo Bi Sihaba aliona maneno yanakimbia mbele yake. "Lakini Mashaka, mimi sikushtaki mtu."

"Hukushtaki. Unataka nini, basi?"

Bi Sihaba aliangalia mikono yake. "Nataka kujua tu wanafanya nini."

Mashaka akatikisa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa jambo, akatoa simu, akatoka nayo nje.

*

Na walikuwa wanafanya nini? Nitakwambia, maana Bi Sihaba hakuwapo kuona.

Kule Salale wakulima wa mpunga hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, wakalala humo wakati wa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Mavuno yakiisha, dungu linabaki wazi. Mzee mmoja, Kondo, aliwaachia la kwake walitumie, kwa sharti watie makuti mapya mahali panapovuja. Basi humo ndimo ulimokuwa mkeka wa zambarau na kijani. Upawa ulining'inia kwenye nguzo kwa ule ule waya wake.

Siku ya kwanza Anshia alipoonyeshwa maji ya delta, kahawia, yamejaa majani ya mikoko, aliweka mikono kiunoni.

"Ashrafu, hii ndiyo bahari yenu? Hii ni supu."

Lakini alishuka ngazi, akaingia mpaka magotini, akakaa humo muda mrefu. Kwao maji ni ya buluu na mchanga ni mweupe. Lakini chumvi ni ile ile.

Toka siku hiyo hawakukosa. Anshia alikuna nazi, akapika kaa kwa namna ya kwao. Alisugua kigogo chake juu ya jiwe kwa maji kidogo, akajipaka usoni msiro, urembo ambao wanawake wa kwao hujipaka hata wakienda sokoni. Kibiti alijipaka mara moja tu. Dukani waliulizana kama amemwagikiwa unga.

Jumapili iliyofuata simu ya Mashaka, wakiwa wamejinyoosha juu ya dungu, Ashrafu alipiga chafya kubwa, ndege wakaruka. Anshia akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Nini?"

"Kule nyumbani ukipiga chafya kitandani, mama anakuombea rehema chumba cha pili."

Ni kweli. Kuta za nyumba ile hazifiki juu. Kila neno linapita juu ya ukuta, na watu wawili waliooana miaka mitatu iliyopita walijifunza kuzungumza kama wanaoibia.

"Lakini tungemleta siku moja," Anshia akasema. "Si ni kwao huku?"

"Mama? Na magoti yale? Boti, tope, ngazi ya dungu? Hawezi."

"Umemuuliza?"

"Namjua mama yangu."

"Na mkeka? Ulimwomba?"

"Mkeka wa nyumbani unaombwa, Anshia?"

Anshia alimalizia kujipaka shavu la kushoto, na boti ya kurudi ilipopiga honi alishuka hivyo hivyo, uso mweupe, hakunawa. Siku hiyo alijiona mzuri.

*

Walisimamishwa gatini Nyamisati kabla hawajafika kwa mama muuza chai. Mgambo wawili. Mmoja aliuangalia uso wa Anshia, akarudi nyuma hatua.

"Huyu ndiye."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, karibu na mahali wanapopimia kamba waliovuliwa. Afisa aliyekuwapo aliitwa Bushiri, kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi. Hakupiga kelele. Aliomba mfuko wa Anshia ufunguliwe, na mgambo akaumimina wote mezani: kanga iliyolowa, kitana, kigogo cha mti, na nguo zake za ndani, ambazo alizifungia kwenye mfuko wa plastiki ili zisionekane. Zilionekana. Ashrafu akanyoosha mkono kuzifunika.

"Acha kwanza," alisema mgambo.

"Ni nguo za mke wangu, bwana."

"Acha kwanza, nimesema."

Bushiri akakiinua kigogo. "Hii ni dawa ya nini?"

"Urembo, baba," alisema Anshia. "Ya ngozi."

"Mbona huku hatuioni?"

"Mie si wa huku."

Watu waliosimama mlangoni wakacheka kidogo. Bushiri hakucheka. "Siwezi kuandika maelezo ya mtu ambaye sura yake siioni. Nenda kanawe."

Anshia alinawia kwenye ndoo ya nje, mbele ya wapima kamba na wapagazi. Maji yalikuwa ya chumvi na sabuni hakupewa. Weupe ulitoka kwa mabaka. Ulibaki kando ya masikio na kwenye kidevu. Aliporudi ndani alionekana kama mtu aliyelia, ingawa hakulia.

"Sasa," alisema Bushiri, "karatasi zako hazijakamilika. Hilo peke yake lingesubiri, una mume. Lakini kuna taarifa kwamba unatoa mali nyumbani kwa watu na kuivusha kwa boti. Mwenye nyumba akisema ni kweli, mimi sina la kufanya, nakupeleka uhamiaji. Na wao watakurudisha kwenu."

"Mwenye nyumba ni mama yangu," Ashrafu akasema.

"Ndiyo. Taarifa imetoka kwake. Yuko njiani."

Ashrafu akamgeukia mkewe. Anshia alikuwa anakusanya nguo zake za ndani mezani, moja moja, anazikunja.

*

Bi Sihaba alifika kwa bodaboda, Mashaka kwa bodaboda nyingine nyuma yake. Alikuwa amejifunga kanga ya jikoni na mguu mmoja una tope la uani. Jumapili hajiandai, hujiandaa Jumamosi. Alishuka kwa shida, magoti yakakataa kunyooka, na akiwa bado ameinama hivyo ndipo alipoinua macho akamwona Anshia mlangoni, mabaka meupe shingoni, mgambo kasimama karibu naye kama anayelinda mzigo.

"Kafanywa nini usoni?" aliuliza.

Mgambo akamwelekeza ndani.

Walimpa kiti. Bushiri alimsalimia shikamoo kwa adabu zote, akamuuliza jina na mahali alipozaliwa.

"Salale."

"Mara ya mwisho kwenda?"

"Sijarudi tangu alipozikwa mama yangu. Ashrafu nilikuwa nambeba mgongoni."

"Mama, hapa tunataka neno lako moja tu. Kuna upawa, mbuzi ya nazi na mkeka. Mjumbe ametuambia vimetoka nyumbani kwako bila idhini. Huyu binti alivichukua?"

Mashaka akakohoa. "Sema tu ulivyoniambia, dada Sihaba. Usiogope."

Anshia alimtazama mkwewe, wala hakumwomba kwa macho, alimtazama tu. Alijua kwamba alivichukua. Alijua kwamba hakuomba. Ashrafu alifungua mdomo.

"Mama, ni mimi niliyesema..."

"Wewe nyamaza. Umeulizwa?" Bi Sihaba alijifunga kanga vizuri. "Nilimpa mimi."

"Mama?"

"Upawa nilimpa, mbuzi nilimpa, na mkeka nilimsukia. Andika."

"Lakini dada Sihaba," Mashaka akasema, "juzi barazani..."

"Juzi barazani nilikwambia mimi sikushtaki mtu. Ulisikia au ulikuwa unatafuta namba kwenye simu?" Akamgeukia Bushiri. "Baba, mimi mtu mzima, nasahau. Nampa mtu kitu leo, kesho nakitafuta. Huyu ni mke wa mwanangu. Anakaa kwangu, anakula kwangu. Karatasi yake ikitaka dole gumba langu, nipe wino."

Bushiri aliwaangalia wote mmoja mmoja. Huenda hakuamini. Alikunja karatasi katikati.

"Maombi ya kibali mfuatilie kesho asubuhi, msichelewe," alisema. "Na wewe mjumbe, siku nyingine uliza mara mbili kabla hujapiga simu."

*

Nje boti ya mwisho ya Salale ilikuwa inapakia. Ashrafu alikwenda kwa mama muuza chai kuchukua pikipiki, na Mashaka aliondoka bila kuaga. Walibaki wanawake wawili kwenye ukingo wa gati, mfuko katikati yao.

Bi Sihaba alishika ncha ya kanga yake, akaitia mate, akataka kumfuta Anshia kidevu. Anshia akaurudisha uso nyuma.

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi."

"Nimenawa mbele ya watu. Nguo zangu za ndani wameziona watu."

"Nasikia."

"Ulidhani mie nafanya nini?"

"Unahama. Unamchukua mwanangu unakwenda naye kwenu."

"Kwetu wapi?" Anshia alisema kwa sauti ndogo, kama wanavyozungumza ndani ya nyumba ile. "Kwetu kumechomwa, mama. Nyumba imechomwa, mnazi wa uani umechomwa. Nimchukue nimpeleke wapi?"

Miaka mitatu walikula sinia moja na Bi Sihaba hakuwahi kuuliza.

"Na vyombo vyako vipo," Anshia aliendelea. "Viko kwenye dungu la Mzee Kondo. Tunapika, tunalala, tunacheka. Hakuna kingine. Ungekaza kuniuliza ningekwambia. Mbona kila Jumamosi unakaa barazani unatuangalia mpaka tunapotea, na huulizi tena? Doti umevaa, wanja umepaka, umekaa kama hakimu. Mie nikawa naogopa hata kupita. Unatuchunga, mama, ndiyo au siyo?"

Mpiga honi wa boti alipiga mara ya kwanza. Bi Sihaba aliyatazama yale maji ya kahawia, majani ya mikoko yanavyozunguka kwenye nguzo za gati, na yule mwanamke wa kwenye boti aliyekuwa anashikwa mkono na watu wawili ili apande, mtu mzima kuliko yeye, magoti mabaya kuliko yake. Alipanda. Akakalishwa juu ya gunia, akatulia.

"Mashaka aliniuliza nataka nini," alisema, bila kumtazama Anshia. "Nikamwambia nataka kujua mnafanya nini. Nilisema uongo. Watu wawili wakienda majini wanafanya nini, si najua? Mimi nilikuwa nimeshavaa, mwanangu. Kila Jumamosi nilikuwa nimeshavaa. Nilitaka mmoja wenu ageuke pale mlangoni aniambie, 'Mama, twende.'"